Nipande miba gani kuzunguka stoo ya bustani? Jibu kwa msomaji wa Pongwe

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nina bustani ya mchicha, bamia na nyanya chungu huku Pongwe, Tanga, kama nusu eka hivi. Nina kibanda cha bati ninachotunzia majembe, mipira ya kumwagilia, bomba la kupulizia dawa na pampu ya petroli. Mwaka huu wamenivunjia mara mbili. Mara ya kwanza walibeba mipira, mara ya pili pampu. Kufuli nililikuta limefungwa vilevile nilivyoliacha. Jirani ananishauri nizungushie mkonge, mwingine anasema michongoma, na mume wangu anataka tuvunje chupa tuzipange juu ya uzio. Nyumba yetu iko upande wa pili wa bustani, hatua kama sitini kutoka kibandani. Nipande nini, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyokufika. Pampu si kitu cha kununua kila msimu, na bustani ikikosa maji kiangazi cha Januari na Februari ni hasara juu ya hasara.

Nitakujibu kuhusu mimea, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza na ndiyo kazi yangu. Lakini umeandika jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kufuli umelikuta limefungwa. Maana yake hao watu hawakuhangaika na kufuli hata kidogo. Walipita kwingine, na hapo walipopita pako wazi hadi leo. Ukizungusha miba yote ya mkoa wa Tanga bila kupaziba hapo, utakuwa umewachelewesha tu. Mimea humpunguzia mwizi njia na kumfanya afikirie mara mbili, ila kinachomshinda ni mlango na ukuta. Kwa hiyo miba nataka uipande, lakini iwe kazi ya pili.

Nenda kibandani mchana kweupe, usimame nje, uukague mlango kama mtu asiye na ufunguo. Vibanda vingi vya bati ninavyokagua vina ugonjwa mmoja. Mlango umeshikwa na bawaba mbili zilizofungwa kwa nje, kila moja ina skrubu tatu au nne, na vichwa vyake vyote vinaonekana. Hapo bisibisi ya kawaida inatosha. Skrubu zikitoka, mlango unafunguka kwa upande wa bawaba, na kufuli linabaki upande wa pili limefungwa kama ulivyoliacha. Komeo linaloshika kufuli nalo mara nyingi limefungwa hivyohivyo, skrubu fupi kwenye ubao mlaini.

Ukimaliza mlango, chuchumaa utazame pembe za chini za bati. Misumari imepigiliwa kwenye mrunda, na mrunda uliofukiwa ardhini misimu kadhaa mchwa wameshaufanyia kazi. Kwa juu unaonekana mzima, ukiugonga kwa chini unalia utupu. Mtu akiingiza vidole chini ya bati akavuta, misumari inatoka bila kelele. Mwembamba mmoja anaingia, anawapitishia wenzake mali, wanalirudisha bati mahali pake na kwenda zao. Ukikuta matundu ya misumari yamepanuka, au kutu imechubuka na chuma kinang'aa upya, basi umepata mlango wao.

Matengenezo yake hayana gharama kubwa. Ng'oa skrubu zote za bawaba na komeo, weka bolti zinazotoboa ubao hadi ndani, zile zenye kichwa cha mviringo kilicho laini, kisichoshikika kwa bisibisi wala spana. Nati ikae ndani, chini yake washa pana ili isizame kwenye ubao. Ukishakaza, ponda ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isirudi nyuma, au umwite fundi wa kuchomelea aitie doa moja. Nguzo zilizoliwa zitoe, na mpya zisimame juu ya zege, zisizame udongoni. Kisha kwa ndani, nyuma ya bati, piga wavu wa nondo nyembamba, ule wanaotandika kwenye sakafu ya zege, uushike kwa misumari ya seng'enge. Kwa nje hakuna atakayejua kama upo. Atakayefunua bati ndiye atakayekutana nao.

Kufuli chagua lenye mwili wa shaba, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na upinde wake uwe mnene na mfupi, usioacha nafasi ya kuingiza ncha ya mtaimbo. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli ukining'inize juu yake kuzuia mvua. Nikitaja mtaimbo nakumbuka jambo jingine: usiache mtaimbo, sururu wala ngazi nje ya kibanda. Vibanda vingi huvunjwa kwa zana za mwenyewe zilizokuwa zimeegemezwa ukutani.

Sasa tuje kwenye mimea.

Jirani yako wa mkonge hajakosea, na kwa mtu wa Pongwe ni mmea wa kuheshimiwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na humo ndimo kilimo cha mkonge cha nchi hii kilimoanzia. Mmea uliovumilia safari ile unavumilia pia kusahauliwa pembeni mwa shamba: haudai maji, haudai mbolea, mbuzi hawauhangaikii, na machipukizi yake ukiomba kwa mwenye nayo unapewa. Miche ipande mistari miwili, sentimita 75 kati ya mche na mche, mstari wa pili ukiziba nafasi za wa kwanza.

Hata hivyo mkonge una udhaifu wa namna tatu. Mwiba wake uko kwenye ncha ya jani, lakini jani lenyewe ni nyama laini. Panga moja linafyeka njia kwa dakika chache. Mmea ukizeeka, majani ya chini hukauka, na mtoto au mtu mdogo anaweza kutambaa akapita. Tena ukishatoa mlingoti wake wa maua, mmea ule hufa na kuacha pengo katikati ya uzio, kwa hiyo lazima uwe na machipukizi ya kujazia. Mimi ningeupanda mpakani mwa bustani, kuzuia mifugo na wapita njia, lakini si kwenye ukuta wa kibanda. Na mahali watoto wanapopita kata zile ncha, maana hukaa usawa wa macho yao.

Michongoma nayo haina ubaya. Waliosema kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, walikuwa wanaufahamu vizuri. Tatizo lake ni uvivu wetu. Usipoupogoa tangu ukiwa usawa wa goti, unakimbilia juu na kuacha chini wazi, na mwizi hapiti juu.

Kwa kibanda chako chaguo langu la kwanza ni bogenvilia. Watu wanaipanda kwa maua na kusahau kuwa ina miba mirefu yenye ncha, inapenda jua, na ukame haiuogopi ikishashika. Chukua vipandikizi vya tawi lililokomaa, unene wa penseli au zaidi, urefu wa sentimita 20 hadi 25, uvifukie nusu kwenye viriba vyenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, uviweke kivulini na kuvimwagilia kwa kiasi. Vikichipua vizuri vihamishie nje mvua zikianza. Usiiache ikasimama kama kichaka. Nyosha waya tatu za mlalo kwenye nguzo, futi mbili kutoka ukutani, na kila tawi jipya lisukie kwenye waya lingali laini. Ikisukwa hivyo kwa misimu miwili, hakuna panga litakaloifungua haraka, kwa kuwa tawi likikatwa haliondoki, limeshikwa na mengine kumi.

Nyuma ya kibanda, upande usiouona kutoka nyumbani, ningepanda mkomwe. Huu ndio mmea ninaousikitikia kwa kusahauliwa. Unaota wenyewe pwani kwetu, juu kidogo ya mahali maji yanapofika, na watu wengi wanazijua mbegu zake tu, zile komwe za kijivu zinazochezewa bao. Ukimshika mkomwe wenyewe utaona: shina lina miba, kikonyo cha jani kina miba iliyopinda kurudi nyuma, hata ganda la tunda lina miba. Mwiba uliopinda namna ile haukuchomi ukapita. Unashika nguo, na ukijivuta upande mmoja unakamatwa upande wa pili, ikabidi usimame ujinasue kimoja kimoja. Usiku, gizani, mikono ikiwa na mzigo, hiyo si kazi ya kumvutia mtu.

Komwe ni ngumu, na ukizifukia tu utasubiri sana. Sugua ubavu mmoja kwenye jiwe mpaka uone rangi imebadilika ndani ya ganda, kisha ziloweke usiku kucha. Zitakazovimba ndizo za kupanda. Uelekeze mkomwe kwenye wavu au nguzo, na kila baada ya mvua upogoe, uvae viatu na glavu nzito. Usiuruhusu upande juu ya paa, utakusumbua siku ya kukarabati bati. Watoto wa mtaa watakuja kuomba komwe. Wape ulizokwisha kuchuma, wasiingie wenyewe.

Ukitaka mmea unaolipa, panda mindimu. Chagua iliyooteshwa kwa mbegu, maana ndiyo yenye miba mingi na mirefu, uipande mita moja moja na kuipogoa ijae kuanzia chini. Utasubiri miaka mitatu na zaidi ipate kuwa uzio, lakini ndimu utauza. Na chini ya dirisha la kibanda, kama lipo, panda mstari wa mananasi ya aina yenye majani ya miba pembeni. Hayamzuii mtu kupita, ila anayetaka kufungua dirisha au pembe ya bati inambidi achuchumae papo hapo kwa muda, na kuchuchumaa kwenye mananasi hakuvumiliki.

Hiyo yote inachukua muda, na wewe unahitaji kinga ya mwezi huu. Tafuta matawi ya mkunazi. Yakate mabichi, yalaze nyuma na ubavuni mwa kibanda, vitako ndani na ncha nje, yafungamane, uyabane na mirunda miwili ardhini. Wafugaji wanalinda mazizi yao hivyo. Mchwa watayala, itakubidi ubadilishe mwaka ukiisha, lakini kufikia hapo bogenvilia yako itakuwa imeanza kujifunga.

Ninayokukataza ni mawili. Mnyaa usiupande karibu na bustani ya mboga. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na anayeumia kwa kawaida si mwizi, ni mtoto aliyevunja tawi akicheza au wewe mwenyewe unapopogoa. Ikitokea kwa yeyote, osha jicho kwa maji mengi safi papo hapo na umwahishe hospitali. La pili ni dungusi kakati. Kila kipande kinachoanguka kinaota, na baada ya miaka michache utakuwa unagombana nalo wewe na majirani zako.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu mahali pa kupanda, kwa sababu hapa wengi huharibu. Nyumba yako iko hatua sitini kutoka kibandani. Hiyo ni bahati, ukiacha macho yafike. Ukipanda miba mirefu pande zote nne, umemjengea mwizi chumba cha kufanyia kazi. Akishaingia ndani ya uzio, anafungua bati taratibu na hakuna anayemwona. Miba mirefu iwe nyuma na ubavuni. Upande unaotazama nyumba usipande kitu kinachozidi goti. Kama mlango wa kibanda umetazama kwingine, uhamishie upande wa nyumbani sasa unapobadilisha bawaba. Ni fedha ya fundi siku moja, na kwa maoni yangu itakusaidia kuliko mche wowote niliokutajia.

Kati ya ukuta na miba acha njia ya futi mbili unayopita kukagua. Futi moja ya chini ya uzio iwe safi daima, fagia majani makavu, usiruhusu nyasi, maana kichaka kizito kando ya bustani yenye panya ndiko nyoka wanakokaa. Kwenye ile njia na mbele ya mlango tandaza kokoto za chokaa, zipo tele Tanga, tena zile kubwakubwa. Mguu ukikanyaga zinalia, na usiku wa Pongwe ni kimya, mtu mwenye usingizi mwepesi anasikia. Taa ya sola yenye sensa ifunge juu, urefu usiofikika kwa mkono, imulike mlango. Kioo chake kifute vumbi mara kwa mara, la sivyo kufika saa nane usiku imezima. Ukiweza fuga kanga wachache. Wanalala juu ya mti na wakishtuka hupiga kelele ambazo hata mtaa wa pili utazisikia. Wenye kufuga mbwa nao wana mlinzi mzuri, hilo mtaamua nyumbani.

Mwambie mumeo, kwa heshima zote, aachane na chupa. Gunia moja likitupwa juu yake zimekwisha kazi, na zinazoanguka zinabaki udongoni zikimsubiri mchuma mchicha aliye peku. Na kama kuna atakayewashauri mpitishe waya wa umeme kwenye uzio, mkataeni kabisa. Umeme wa nyumbani unaua. Unaua mtoto aliyefuata mpira, unaua kibarua wako asubuhi uliposahau kuuzima, na ukimuua hata huyo mwizi utasimama mahakamani wewe. Mitego ya misumari na mashimo ni hivyohivyo. Miba inayoonekana ni onyo, kila mtu anaiona na kuamua. Kitu kilichofichwa ili kimuumize mtu ni jambo jingine.

Pampu mpya, ukijaliwa kuinunua, isilale kibandani. Iende na toroli nyumbani kila jioni. Ikishindikana, fukia pete ya nondo kwenye sakafu ya zege, uifunge pampu hapo kwa mnyororo mnene na kufuli lake. Petroli na dawa za wadudu nazo ziwe ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa usalama wa watoto kuliko hofu ya wezi.

Kila chombo kitie alama. Mipini ya majembe chomea herufi mbili za jina lako kwa chuma cha moto. Kwenye pampu, mwombe fundi agonge herufi hizo kwenye chuma chake, mahali ambapo rangi ikipakwa haizifichi, na upige picha namba ya injini pamoja na risiti. Ukiibiwa nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako, siku hiyo hiyo, kisha mwombe mwenyekiti wa mtaa apeleke taarifa na picha kwa mafundi wa pampu na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mipira na pampu havifichiki ndani kwa muda mrefu. Lazima viuzwe, na anayenunua kwa kawaida yuko jirani. Kama ile ya kwanza hukuiripoti, iripoti hata sasa. Watu wa ulinzi shirikishi hupanga doria zao kufuatana na wanachoambiwa, na mtaa usio na taarifa huonekana hauna tatizo.

Kuhusu vibarua, usianze kumnyooshea mtu kidole bila ushahidi, mtaa utakugawanyikia. Fanya tu ufunguo ukae kwako, na anayekuja kwa siku moja apewe jembe nje, asiingie kuchagua. Na akikamatwa mtu usiku, mumeo awe wa kwanza kusema apelekwe kituoni akiwa mzima.

Vipandikizi vya bogenvilia vikate mapema, viwe vimeshika mizizi kabla masika hayajaanza Machi, na komwe uziloweke mvua za kwanza zikishaanza kunyesha. Ukichelewa, vuli ya Oktoba itakufaa pia. Wiki hii anza na bawaba. Ukishazikagua, nitumie picha ya mlango kwa nje na kwa ndani, pamoja na urefu wa pande tatu za kibanda zisizotazama nyumba, nikupigie hesabu ya miche na waya utakaohitaji.